Madodoso 158: Yaliyonipata Nikipima Kumbukumbu za Wazee wa Kilimanjaro

Ofisini kwangu Moshi, chini ya meza, kuna boksi lenye madodoso 158 ambayo hayataingia katika chapisho lolote. Kila moja lilijazwa kwa uangalifu, lina saini au alama ya dole gumba, lina tarehe na jina la kijiji, na majibu yaliyomo ni ya kweli. Kosa halikuwa la wazee waliojibu wala la vijana waliouliza. Lilikuwa langu, na lilihusu jambo ambalo mtoto wa darasa la pili angelieleza vizuri kuliko mimi. Nimeamua kulisimulia, pamoja na mengine yaliyolitangulia na kulifuata, kwa sababu kila mwaka napata barua za vijana wanaotaka kuingia katika utafiti wa ubongo, wa namna tunavyojifunza na tunavyokumbuka, na nimechoka kuwajibu kwa vipandevipande.

Nilizaliwa Pangani, nikasoma shahada ya kwanza ya baiolojia Dar es Salaam bila wazo lolote la kushughulika na ubongo. Kilichonivuta ni kisa kimoja alichotusimulia mhadhiri wetu kwa dakika zisizozidi kumi, kisa cha Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 akiwa na umri wa miaka 27 ili apunguziwe kifafa. Daktari alitoa sehemu za ndani za pande zote mbili za ubongo, ikiwamo sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya, na kifafa kikapungua kweli. Lakini tangu siku ile hadi alipofariki mwaka 2008, matukio mapya hayakukaa tena kichwani mwake. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alikuwa mgeni kwake kila walipokutana. Hata hivyo, alipompa kazi ya kuchora nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu, uchoraji wake ulizidi kuwa mzuri siku hadi siku, ingawa mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi hiyo. Mkono ulikuwa umejifunza na mwenye mkono hana habari. Nilitoka darasani siku ile nikiwa nimekwisha kuamua.

Nilipata ufadhili wa kwenda Uingereza kwa shahada ya uzamili, kisha uzamivu, na kwa miaka sita niliishi na panya. Kazi yetu kubwa ilikuwa ya birika la maji, jaribio lililobuniwa na Richard Morris mwanzoni mwa miaka ya 1980: panya huwekwa katika birika kubwa la mviringo lenye maji yaliyofanywa kuwa meupe, na mahali fulani chini kidogo ya uso wa maji huwa kuna jukwaa dogo asiloweza kuliona. Panya mzima huhangaika mara za mwanzo, lakini baada ya siku chache huogelea moja kwa moja hadi penye jukwaa akiongozwa na vitu anavyoviona kandokando ya chumba. Panya aliyeharibiwa hipokampasi huendelea kutangatanga. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu ilikuwa safi: chumba kimoja, joto moja, mwanga mmoja, saa moja ya kuanza. Baba alifariki katika mwaka wangu wa tatu nikiwa katikati ya jaribio la wiki sita, na sikwenda kumzika. Msimamizi wangu hakunizuia. Ni mimi niliyejizuia, nikidhani jaribio halingesubiri. Jaribio lenyewe halikutoa chochote cha maana. Ninalitaja hili kwa sababu wanaoniandikia huuliza gharama za masomo kwa hesabu ya fedha tu.

Nilirudi mwaka 2013 na kupata kazi Moshi, na hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, ambalo ni la karibu kila anayerudi. Nilitaka kuijenga maabara ya Uingereza chini ya Mlima Kilimanjaro. Nilitumia fedha zote za ruzuku yangu ndogo ya kuanzia kununua vifaa, likiwamo friza la kuhifadhia sampuli za ubongo wa panya katika baridi kali, na kwa karibu miaka miwili niliomba vibali vya mabanda, nikafundisha watu kuwalea panya, nikakusanya sampuli. Kisha ikaja Ijumaa Kuu. Umeme ulikatika, jenereta halikuwaka kwa sababu tangi lilikuwa tupu, na aliyekuwa na ufunguo wa stoo ya mafuta alikuwa amekwenda kwao kula Pasaka. Jumanne asubuhi nilifungua friza nikakuta maji na harufu. Sikulia pale, nililia jioni, nikiwa kwenye daladala ya kwenda nyumbani, mbele za watu.

Kwa hiyo ukipata fedha za vifaa, kabla hujauliza bei, uliza nani anatia mafuta jenereta siku ya sikukuu, nani mwenye ufunguo, na fundi wa kifaa hicho anatoka mji gani. Kama fundi anatoka Nairobi au Dar es Salaam, weka nauli na posho yake katika bajeti tangu mwanzo. Kama anatoka Ulaya, usinunue.

Nilipokuwa bado naomboleza sampuli zangu, daktari mmoja mwenzangu alinionyesha matokeo ya utafiti uliochapishwa mwaka ule ule niliorudi, uliofanyika katika wilaya ya Hai, mwendo wa nusu saa kutoka mezani kwangu. Ulionyesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vile, takriban asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ule ambao kitaalamu huitwa dimenshia na ambao Alzheimer ni aina yake moja. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari yeyote kwamba wanaumwa. Nyumbani walisemwa kuwa wamezeeka, na wachache kuwa wamerogwa. Nilikuwa nimevuka bahari kuchunguza kumbukumbu za panya, na hapa kwenye migomba kulikuwa na watu waliokuwa wakizipoteza za kwao bila mtu wa kuwapima. Nikabadilisha kazi. Wenzangu wa Uingereza waliona nimeshuka ngazi, na kwa muda hata mimi niliona hivyo.

Utafiti wa watu una milango mingi kuliko wa panya, na afadhali mtu aijue kabla ya kuandika tarehe ya kuanza katika mkataba wake na mfadhili. Kwanza ni kamati ya maadili ya chuo au hospitali yako. Kisha, kwa utafiti wa afya, ni kibali cha kitaifa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kisha barua ya mkoa, ya halmashauri, ya kata, na mwisho mwenyekiti wa kijiji, ambaye ndiye atakayeamua kama watu watafungua malango au la. Kama una mshirika wa kigeni atakayekuja, yeye ana kibali chake cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kama taarifa zitavuka mpaka, kuna makubaliano ya kuzihamisha, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hilo si la kupuuzwa. Mimi nilichukua miezi tisa, mitatu kati ya hiyo kwa uzembe wangu: fomu ya ridhaa ya Kiswahili niliyopeleka ilikuwa imejaa maneno ambayo hata mimi singeyaelewa kama nisingejua Kiingereza chake. Kamati iliirudisha ikiwa na alama nyekundu kila mstari. Nilikasirika. Ningekuwa na akili ningeliona hilo kuwa onyo juu ya karatasi zangu nyingine.

Kwa maana baada ya ridhaa kulikuwa na kipimo chenyewe. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni kile cha alama 30 kilichotolewa Marekani mwaka 1975, nacho humtaka mtu ataje tarehe, apunguze saba saba kuanzia mia, asome sentensi, aandike sentensi, anakili michoro ya pembe tano. Mzee aliyeishia darasa la pili, au ambaye hakuingia darasani kabisa, anapoteza alama kadhaa kabla hujafika kwenye kumbukumbu. Isitoshe, kipimo kile kina haki miliki na matumizi yake hulipiwa, jambo ambalo wanafunzi wengi hugundua wakati jarida limekwisha kukubali kuchapisha kazi yao. Kwa hiyo niliamua kutunga mkusanyiko wangu: orodha ya maneno 10 ya kukariri, maswali ya mahali na wakati, kutaja wanyama wengi kadiri mtu awezavyo kwa dakika moja, na mchoro wa saa.

Mchoro wa saa ni kipimo cha zamani na chepesi kukieleza. Unampa mtu karatasi yenye duara, anaweka namba, kisha unamwambia aweke mikono ya saa ionyeshe wakati fulani. Wakati unaotumika mara nyingi, kwa Kiingereza, ni dakika kumi baada ya saa ambayo Waingereza wanaiita ya kumi na moja, kwa sababu unamlazimisha mtu kuelewa kwamba dakika kumi huonyeshwa kwenye namba 2 na si kwenye 10. Nilitafsiri mwenyewe: saa kumi na moja na dakika kumi. Nilifuata taratibu zote. Nilimpelekea Mtanzania mwenzangu aliyebaki Uingereza atafsiri kurudi kwenye Kiingereza bila kuona maandishi ya awali, na tafsiri yake ikalingana na ya asili neno kwa neno. Niliiambatisha katika ripoti yangu kwa fahari.

Msomaji amekwisha kuliona kosa. Mimi nilichukua wiki tano.

Wiki hizo tano nilikuwa na vijana watatu wakipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya juu vya Hai, na matokeo yalikuwa yakija mabaya kiasi cha kutisha. Nikasema moyoni kwamba huenda tatizo ni kubwa kuliko ilivyofikiriwa; kusema kweli, nilianza kufurahi, kwa jinsi mtafiti anavyofurahia namba kubwa, na nilikwisha kuandika aya ya kwanza ya makala. Usiku mmoja nikiwa nyumbani naingiza takwimu, nilifika kwenye dodoso la mwalimu mstaafu. Alikumbuka maneno manane kati ya kumi. Alitaja wanyama 21. Saa yake ilikuwa imechorwa vizuri kuliko ambavyo ningeichora mimi, namba zimepangika, mikono imenyooka, mfupi ukielekea kwenye 5 na mrefu kwenye 2, na pembeni kijana wangu alikuwa ameweka sifuri. Niliutazama ule mchoro kwa muda. Kisha nikainua macho kuangalia saa ya ukutani kujua kama nimechelewa kulala. Mkono mfupi ulikuwa kwenye 9, na kichwani mwangu nikasema, kumbe bado ni saa tatu.

Nilihisi mwili unapoa. Saa kumi na moja, kwa kila mtu aliyelelewa kwa Kiswahili, ni mkono mfupi kwenye 5. Wazee walikuwa wamechora sahihi. Ufunguo wa masahihisho, ambao niliunakili kutoka kitabu cha Kiingereza, ulitaka mkono uwe kwenye 11. Mimi, mtoto wa Pangani niliyeamshwa saa kumi na moja alfajiri kila siku ya utoto wangu kwenda kuchota maji, niliitafsiri saa hiyo kwa akili ya Kiingereza na nisijue, na rafiki yangu aliyerudisha tafsiri hakujua pia, kwa sababu alikuwa mtu wa aina yangu, aliyesomea mambo haya kwa lugha ile ile. Tafsiri rejeshi ni ukaguzi mzuri, lakini mkaguzi awe mtu ambaye si mtaalamu wa fani yako. Mimi siku hizi nampa mwalimu wa shule ya msingi.

Nilidhani ningeweza kuyasahihisha upya, maana michoro ilikuwepo. Nilipowahoji vijana wangu ndipo nilipojua kwamba haiwezekani. Mmoja alikuwa ameona wazee wengi "wanakosea," akawaonea huruma, akaanza kuwadokeza kwamba ni saa ya redio ya Kiingereza. Mwingine alikuwa akirudia swali hadi mtu abadilishe mkono. Wa tatu alikuwa akiandika alichokiona. Hakuna aliyeniambia, kwa kuwa sikuwa nimewaambia kwamba wanaruhusiwa kuniambia. Niliwafundisha kwa siku mbili jinsi ya kusoma maswali na sikuwafundisha hata saa moja jinsi ya kuyatilia shaka. Zaidi ya hayo, mmoja wao alikuwa kijana wa Rombo niliyempeleka kuhoji Machame, kwa kuwa mimi mtu wa pwani nilidhani Kichagga ni kimoja. Wazee walikuwa wakimjibu kwa Kiswahili kwa adabu, wakichekeana baada ya yeye kuondoka.

Hayo yote yangekuwa hasara ya karatasi tu kama tungeishia kwenye karatasi. Lakini utaratibu wetu ulikuwa kwamba mwenye alama chini ya kiwango fulani hupewa barua ya kwenda kwa daktari, na familia hujulishwa. Watu 11 walikuwa wamekwisha kupewa barua hizo kwa sababu ya mchoro wa saa peke yake. Nilipanga kuwapigia simu. Mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo aliyekuwa akituongoza njia, alinikataza kabisa: akasema jambo hilo haliombwi radhi kwa simu, na kwamba nikienda nibebe jani la isale, kwa kuwa kwa Wachagga anayekuja na isale mkononi hafukuzwi. Sikuwa nimelijua hilo. Tulikwenda nyumba zote 11 kwa siku nne, kwenye tope la masika, na pikipiki ilituangusha mara mbili.

Nyumba ya sita sitaisahau. Alikuwa bibi mjane, mfanyabiashara wa ndizi maisha yake yote. Baada ya barua yetu kufika, mwanawe wa kiume alikuwa amechukua simu yake iliyokuwa na fedha zake, "asije akazituma ovyo," na ndugu walikuwa wameanza kuulizana juu ya kihamba, lile shamba la nyumbani la ukoo, kitakuwa cha nani. Nilimwamkia, nikampa isale, nikaeleza mbele ya mwanawe kwamba kosa lilikuwa letu na kwamba mama hana tatizo lolote tuliloliona. Alilipokea lile jani akaliweka mapajani, akakaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilimwambia yule kijana wako saa ile iko sawa. Nikamwambia mara mbili. Akaandika tu." Mwanawe alirudisha simu pale pale, lakini sidhani kama mambo ndani ya nyumba ile yalirudi yalivyokuwa. Tangu hapo hakuna barua inayotoka kwetu kwenda kwa familia kabla mtu hajaonwa mara ya pili na mhojaji mwingine na kuchunguzwa na daktari. Inaongeza gharama. Mfadhili akilalamika, namsimulia habari za simu.

Tulianza upya mwaka uliofuata, na hapa nataka kueleza kosa la upande wa pili, kwa sababu sijaona watu wakiliandika. Baada ya aibu ile niligeuka nikawa mtetezi wa kila mzee. Kila aliyeshindwa nilitafuta sababu ya kipimo. Sababu zilikuwepo kweli, na nyingine tulizirekebisha: maneno kama siagi na pwani katika orodha iliyotungwa Marekani, ambayo kwangu yalikuwa picha hai na kwa bibi wa mlimani yalikuwa sauti tu, tuliyatoa tukaweka vitu vya nyumba ya mlimani, kupunguza saba saba tukakufanya chenji ya sokoni, michoro ya kalamu tukaibadilisha kwa njiti za kiberiti, njia iliyobuniwa na watafiti wa Ibadan, Nigeria, na ambayo watafiti wa Hai nao waliifuata, kwa sababu mkono usiozoea kalamu unaweza kupanga njiti vizuri kabisa. Badala ya tarehe tukauliza msimu na siku ya soko, na jina la mwenyekiti wa kijiji. Tulianza pia kupima masikio na macho kabla ya yote, maana mtu asiyesikia maneno hawezi kuyakumbuka. Zaidi ya mara moja "ugonjwa wa kusahau" ulikuwa nta ya masikio.

Kisha nikakutana na mzee mmoja ambaye kila mtu alimwita Meku. Alikumbuka maneno mawili tu kati ya kumi. Nilipoacha karatasi tukaanza kuzungumza, alinieleza mfongo wa ukoo wao, ule mfereji wa kumwagilia unaoshuka kutoka msituni: nani aliuchimba, familia zipi zina zamu siku ipi, mgogoro wa mwaka gani ulimalizwa na nani, na kilo ngapi za kahawa baba yake alipeleka kwenye chama cha ushirika, kile cha KNCU kilichoanzishwa mwaka 1933, katika msimu ambao yeye alioa. Hakusita hata mara moja. Nilirudi nimejaa moto, nikamwambia daktari wetu kwamba hapa tena kipimo kimemwonea mtu mwenye kumbukumbu kuliko sisi sote. Daktari akaniuliza kama nimezungumza na mkewe.

Sikuwa nimezungumza naye. Tulirudi, na mama yule alitupeleka jikoni akatueleza taratibu, akimenya ndizi, kwamba mzee huuliza kama ng'ombe amekunywa maji mara nne kabla ya chakula cha mchana, kwamba mwezi uliopita alipotea akitoka kanisani, njia aliyoipita miaka sitini, na kwamba mfongo anaousimulia ulikwisha kukauka, jambo analoambiwa kila wiki na kila wiki analisikia kama habari mpya. Hapo nilimkumbuka Henry Molaison, kisa kile kile kilichonitoa baiolojia na kunileta huku, na nikaona jinsi nilivyokisahau siku niliyokihitaji: ya zamani yanaweza kubaki imara huku mlango wa mapya umefungwa. Masimulizi ya mfongo hayakuwa ushahidi kwamba Meku ni mzima. Yalikuwa ushahidi kwamba aliwahi kujua sana. Ndiyo maana sasa nusu ya mahojiano yetu ni ya ndugu anayeishi na mzee, na tunayafanya kando, jikoni au shambani, kamwe si mbele ya mwenyewe. Mke wa Meku alikuwa amesubiri mtu amuulize, naamini, kwa miaka mitatu hivi.

Jambo moja la kuchekesha, ingawa lilitugharimu kijiji kizima. Katika awamu ya tatu tulifika mahali ambapo wazee walikuwa wakikumbuka maneno yote kumi, wengine kabla hatujamaliza kuyasoma. Bibi mmoja aliyataja nilipokuwa bado namwamkia. Kumbe orodha ilikuwa imetangulia kwa njia ya mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga: watu wa kijiji jirani waliokwisha kuhojiwa walikuwa wameketi kilabuni wakishindana nani anayajua, na wageni wakayabeba kwenda nayo kwao. Kwa miaka mingi nimefundisha wanafunzi kwamba kurudia kwa kujiuliza maswali hukazia kumbukumbu kuliko kusoma tena na tena, na wazee wale walinifanyia jaribio hilo bure. Tangu wakati huo tuna orodha nne zenye uzito sawa, tunazibadilisha kijiji kwa kijiji, na mtu anayehojiwa mara ya pili hapewi aliyopewa mara ya kwanza.

Kuhusu fedha nitasema kifupi. Weka posho ya mhudumu wa afya wa kijiji sawa na ya wasaidizi wako wenye shahada, kwa sababu yeye ndiye aliyejua habari za isale. Weka fungu la mkutano wa kurudisha matokeo kijijini, pamoja na chai na mikate, kabla hujaweka la kwenda kwenye mkutano wa kimataifa. Kumbuka kwamba Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini mwaka 2020, kwa hiyo usichukulie kwamba jarida litakusamehe ada ya kuchapisha. Uliza kwa maandishi kabla ya kutuma makala. Usipange kazi ya nyumba kwa nyumba kati ya Machi na Mei, wala wakati wa kuchuma kahawa, wala Desemba, ambapo Wachagga wote duniani wamerudi nyumbani na hakuna mzee mwenye nafasi yako. Makala yetu ya kwanza ilikataliwa na majarida manne. La tano liliipokea likitaka tueleze kwa urefu kosa la saa, jambo ambalo katika majarida manne yaliyotangulia nilikuwa nimelificha kwenye sentensi moja.

Yale madodoso 158 sikuyachoma. Kila msaidizi mpya anapoanza kazi, siku ya kwanza nampa machache kutoka kwenye boksi, nampa na ufunguo wa masahihisho wa wakati ule, kisha namwambia kuna kosa na atafute. Wenye shahada huchukua saa nzima, na wengine hurudi na makosa ambayo hayapo. Aliyelipata haraka kuliko wote ni dereva wa bodaboda aliyekuwa akitungojea mlangoni mwaka jana ili atupeleke kijijini. Alichukua karatasi iliyo juu, akaitazama kwa kuinamisha kichwa, akauliza, "Hii saa kumi na moja ni ya jioni, au ni ya Kizungu?"